Zitazame kadi zote nane kabla hujacheza ya kwanza

Nilishindwa nikiwa Zaire, saa tano za usiku, kwa kadi yenye nguvu 1 tu. Mchezo ulikuwa Twilight Struggle, ule wa ramani na kadi wa Vita Baridi, wa watu wawili, uliotungwa na Ananda Gupta na Jason Matthews na kutolewa mwaka 2005. Mimi nilikuwa Wasovieti. Aliyenishinda ni yaya yangu, maana hapa Lubumbashi mkubwa wako humwita yaya hata kama hamkunyonya ziwa moja. Tulikulia avenyu moja kule Kamalondo, kisha kazi ikampeleka Kinshasa. Siku hizi tunachezea intaneti, kila mmoja na kompyuta yake.

Kwa asiyeujua: kila kadi ina namba ya nguvu na tukio la historia. Tukio likiwa la upande wako, unachagua moja, ama tukio ama nguvu. Likiwa la mpinzani, nguvu unaipata wewe, lakini tukio lake linatokea vilevile. Yaani unagawiwa mkononi silaha za adui yako, na wewe ndiwe utakayezifyatua. Kazi yako ni kuchagua saa ambayo zitakuumiza kidogo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka ishia hapo, ni huu: usicheze kadi hata moja kabla hujaipangia kila kadi mahali pake. Katika duru 3 za mwanzo unashika kadi 8. Moja unafungulia duru, 6 unazicheza kwa zamu, inabaki 1 ya kuvuka nayo. Ipi itabaki? Amua mwanzoni. Kadi za kuhesabu pointi za mabara haziruhusiwi kubaki, kwa hiyo zitoe kwanza kwenye hesabu. Kadi mbaya yenye nguvu ya kutosha unaweza kuitupa kwenye mbio za anga, sehemu ya pembeni ya ubao wa mchezo, na tukio lake halitatokea. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kukukosesha usingizi.

Mpango huo uandike. Mimi nina daftari la shule la kurasa 48: jina la kadi, zamu nitakayoicheza, na sababu. Hiyo sababu usiiache. Mkiwa mezani, duru moja inaisha chai haijapoa. Kwa intaneti, duru yetu moja imewahi kuchukua siku 9. Umeme unakatika, mega zinaisha, mtoto anaugua, yaya ana safari. Ukirudi Ijumaa unaikuta kadi uliyoihifadhi Jumatatu, na hukumbuki ulikuwa unaogopa nini.

Mimi nililipa kwa hilo. Ilikuwa duru ya 3, zamu ya mwisho, na DEFCON imesimama kwenye 2. DEFCON ni kipimo cha hatari kinachoanzia 5. Kikifika 1, vita ya nyuklia imelipuka, na anayeshindwa ni yule ambaye zamu ni yake, hata kama mkono uliokishusha ni wa mwenzake. Nilikuwa nimebaki na kadi 2: moja ya nguvu 3, nyingine inaitwa CIA Created, ya Wamarekani, nguvu 1. Sikuwa nimefungua mchezo kwa siku 4. Nilikuwa nimechoka. Nikaona heri nivuke na ile ya nguvu 3, nikabonyeza ndogo. Tukio lake linampa Mmarekani nafasi ya kufanya operesheni hapo hapo, ndani ya zamu yangu. Yaya akafanya mapinduzi Zaire, nilikokuwa na ushawishi wangu. Mapinduzi katika nchi muhimu hushusha DEFCON kwa 1. Kwisha.

Kadi ile ningeicheza mwanzoni mwa duru, DEFCON ikiwa bado 3, isingeniua. Au ningevuka nayo. Yote mawili yalikuwa yameandikwa kwenye daftari, nami sikulifungua.

Zaire yenyewe lazima niiseme, maana ndiyo Kongo yetu hii kwa jina lake la zamani. Kwenye ramani ni nchi muhimu, na uthabiti wake ni 1, kiwango cha chini kabisa. Ukifanya mapinduzi pale kwa kadi ya nguvu 3, hata dadu likiangukia 1 unafaulu. Tena DEFCON inaposhuka, Ulaya inafungwa kwa mapinduzi, halafu Asia, halafu Mashariki ya Kati, Afrika haifungwi. Mara ya kwanza kuisoma kanuni hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Lumumba aliuawa Januari 17, 1961, karibu na mji huu ninaoandikia. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliingia katika mabomu ya kwanza ya Marekani. Namba 1 ile kwenye ramani sisi tunajua ilivyokuwa kuishi ndani yake. Ukicheza na mtu wa kwenu, zungumzeni hayo. Sisi hutumiana ujumbe wa sauti baada ya kila duru, na mara nyingine mazungumzo yanazidi mchezo.

Kuhusu muda, kubalianeni mapema. Sisi ni saa tatu usiku kwangu, saa mbili kwake, na atakayekwama anatuma neno moja: "subiri". Hakuna kuulizana zaidi.

Mchezo mpya tumeuanza Jumapili, na safari hii yeye ndiye Wasovieti. Leo asubuhi amenitumia sauti: "Mdogo wangu, Zaire niachie." Nimeshaingia, nikipitia Angola. Ukurasa wa daftari umejaa, na mbele ya kila kadi kuna sababu yake.