PCB na Hisabati ya juu: masomo matatu au manne?

Mama wa Uyole, umeuliza kama kijana anayeanza Kidato cha Tano PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) aongeze Hisabati ya juu ili udaktari na uhandisi vyote vibaki wazi. Mimi nasema hapana.

Vyuo haviangalii wingi wa masomo. Kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. (Usichanganye na pointi za divisheni za NECTA, Baraza la Mitihani, kule A ni 1, ndogo ndiyo nzuri.) Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja isipungue D, jumla pointi 6. Sasa tazama: Biolojia A, Fizikia D, Kemia maksi 49. Hiyo 49 ni E. Jumla ana pointi 8, na bado udaktari umemkataa! Mwenye D tatu tupu anakidhi vigezo. Somo la nne linakula muda wa Kemia hiyohiyo, na PCB ina mitihani ya vitendo kwenye masomo yote matatu.

Uhandisi, kwa mfano pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), unasimama juu ya Hisabati ya juu na Fizikia. BAM, yaani hisabati ya msingi anayosoma mtu wa PCB, haihesabiwi kama somo kuu, kwa hiyo haizibi pengo hilo.

Achague sasa. Akiegemea uhandisi, aombe kuhamia PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu) wiki za mwanzo, kabla mada hazijamwacha. Kidato cha Nne alipata ngapi Hisabati?