Jina la Kati la Binti: Liite, Liandike, Lihesabu

Nchini Kenya jina la kwanza la mtoto wa kike halisumbui sana. Grace, Neema, Joy au Amina, mama huwa nalo moyoni kabla tumbo halijaonekana. Mvutano huwa kwenye la kati, kwa sababu hapo ndipo ukoo unapokaa. La kwanza wazazi hujichagulia; la kati mara nyingi lina mwenyewe.

Kwa Wakikuyu utaratibu unajulikana: binti wa kwanza huchukua jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, kisha zamu inaenda kwa shangazi na mama wadogo. Kosa hutokea ndugu watatu wanapopata mabinti wa kwanza, na wote wakawa Wanjiku. Kama familia hutumia jina la babu kuwa la ukoo, mabinamu wawili wanaweza kuwa Grace Wanjiku Kamau, na faili zao za hospitali zikachanganywa. Piga simu kwa shemeji zako kwanza, uulize binti zao wameandikwaje. Likigongana, badilisha la kwanza. La nyanya liache.

Kwa Wajaluo shida iko sikioni. Majina mengi ya wasichana huanza na A: Akinyi wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Jina la kwanza likiishia na a, moja hulimeza jingine. Liite haraka "Anna Akinyi" na utasikia Annakinyi. "Rehema Auma" ni gumu zaidi, maana irabu tatu zinafuatana na hakuna pa kuvuta pumzi. Grace Akinyi, Joy Atieno, Lilian Adhiambo: hapo kila jina linasimama peke yake. Wanjiru, Chebet na Nekesa hazina tabu hii, hukaa baada ya jina lolote.

Angalia pia urefu. Jina fupi hubeba refu vizuri, kama Joy Chepng'etich, na refu hutulia likifuatwa na fupi, kama Elizabeth Chebet. Ukiweka marefu mawili, watu watalikata moja wenyewe, na huwa wanakata lile ulilolipenda.

Jaribio ambalo halikosei ni hili. Simama mlangoni, uliite jina zima kwa sauti mara kumi, kama unayemwita mtoto kutoka kwa jirani. Kisha mpigie simu mtu asiyelijua, mtamkie mara moja tu, na umwombe aliandike. Akiandika Athiambo badala ya Adhiambo, au Wailimu badala ya Wairimu, ujue karani naye anaweza kuandika hivyo.

Maana nayo ina mipaka yake. Kwa Waluhya, Nafula ni wa mvua, Nekesa wa mavuno, Naliaka wa palizi, na Nanjala ni wa wakati wa njaa. Wazazi wengi husita wakifika kwa Nanjala. Ikiwa ni jina la nyanya aliyelea ukoo mzima, mpe mtoto bila wasiwasi: anapewa nyanya, hapewi njaa. Ikiwa hakuna anayerithiwa, fuata msimu aliozaliwa kweli. Nekesa aliyezaliwa shamba bado linapaliliwa ataulizwa maswali maisha yake yote. Na majina ya Kiswahili kama Tabu na Mashaka usiyaweke ubavuni mwa Furaha. Yanapingana kila yakitajwa.

Pwani, na sehemu kubwa ya Tanzania, tahadhari ni nyingine kabisa. Nafasi ya kati ni ya baba: Fatma Said Ali ni Fatma binti Said. Ukiingiza Zainab katikati, fomu yenye nafasi tatu itamsukuma baba mwisho na babu atapotea. Kama Zainab ni jina la bibi na mnalipenda, lifanyeni jina la nyumbani, au mlitangulize liwe la kwanza.

Sasa maandishi, na hapa ndipo pa kuwa makini kupita kote. Achieng' yenye ritifaa (alama ile ya ') na Achieng isiyo nayo ni mtu mmoja kwako, lakini kompyuta inaweza kuona watu wawili. Amua tahajia moja, na cheti cha kuzaliwa, shule na mitihani zifuate hiyo hiyo. Kwenye mistari ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine, alama hiyo huondolewa, na nafasi ya majina yote ni 39 tu pamoja na alama za kuyatenganisha. Mercy Chepng'etich Kipchumba anachukua 28, anaingia vizuri. Ongeza tamaa, umwite Elizabeth Bernadette Chepng'etich Kipchumba, unafika 43. Nafasi nne lazima zipunguzwe. Majina matatu yanatosha.

Sheria ya Kenya inataka kizazi kiandikishwe ndani ya miezi 6, na jina laweza kubadilishwa kwenye rejista ndani ya miaka 2 tangu kuandikishwa. Baada ya hapo ni wakili, hati ya kubadili jina na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lakini jina huulizwa mapema zaidi, hospitalini, kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, akiwa amechoka na wodi ina kelele. Kwa hiyo liandikeni mapema kwa herufi kubwa, kila jina mstari wake, na baba au shangazi asome herufi moja moja kwenye fomu kabla ya kutia sahihi. Karatasi hiyo ikae kwenye mkoba wa hospitali, pamoja na nguo za mtoto.