Bwawa limeng'aa baada ya kumwaga "nano ya fedha": niuze perege lini?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nafuga perege jirani na Tukuyu. Wakati wa baridi walitokwa na ukungu mweupe kama pamba, mgongoni na mkiani. Jamaa mmoja wa dawa za mifugo akaniuzia chupa ya maji yenye madini ya fedha ya "nano", nikaimwaga bwawani. Alisema chembe zake ni ndogo mno kwa samaki kuzila, na baada ya siku tatu zinaisha zenyewe. Maji yalikuwa ya kijani, sasa yameng'aa hadi naona tope. Niuze lini? Na nikitaka kubadilisha maji, niyafungulie kijitoni?

Jibu: Nzuri, mama. Nianze na la mwisho, maana hilo likishafanyika halirudi: usiyafungulie. Ziba tundu la kutolea maji leo hii. Kuuza nako subiri kwanza.

Kinachonikera ni hiyo habari ya maji kung'aa, ambayo kila msimu wa baridi naletewa kama habari njema. Bwawa la perege halitakiwi kung'aa! Ule ukijani ni mwani. Perege anaula, wadudu wadogo wa majini wanaula, na mchana ndio unaotoa oksijeni bwawani. Zamisha mkono hadi kiwiko: kiganja kikianza kupotea machoni, chakula kipo. Ukiona hadi tope ndani ya siku chache, shuku kwamba mwani umeuawa. Baridi nayo huupunguza, lakini si kwa kasi hiyo. Chembe za fedha huachia ioni za fedha majini, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, na ioni hizo hazibagui kati ya ukungu, mwani, na bakteria wanaobadilisha amonia inayotoka kwa samaki. Amonia ikipanda na oksijeni ikishuka, utawakuta perege wamepanda juu alfajiri wakihema. Wapunguzie chakula mara moja, na uongeze maji safi taratibu bila kutoa yaliyomo, kadiri kingo zinavyoruhusu.

Ioni hizo hizo hushambulia matamvua, yaani pale samaki wa maji yasiyo ya bahari anapovutia chumvi ya mwili wake kutoka majini. Mlango huo ukizibwa, anapoteza chumvi hadi anakufa. Katika maji yenye madini kidogo, kama ya vijito vingi vya milimani, sumu hiyo huuma zaidi.

Sasa hilo la "ndogo mno kuliwa". Huo ni uongo uliogeuzwa kichwa chini. Chembe za nano, zenye upana wa nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huliwa kwa urahisi kwa sababu ya udogo wao. Nyingine hunasa kwenye mwani, nyingine hushikamana na mabaki ya majani na kuzama. Yule mdudu mdogo aitwaye dafnia huchuja maji mchana kutwa na kujaza utumbo wake chembe hizo, na funza wa tope hula zilizozama. Kisha samaki anawameza wote. Watafiti wa Lund, Sweden, walipitisha chembe nano za plastiki kutoka kwenye mwani kwenda kwa dafnia, kisha kwa samaki, na samaki wale wakabadilika namna ya kula na hata mafuta ya mwili wao yakavurugika. Kanada walikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 na 2015 waliweka chembe za fedha katika ziwa zima la utafiti huko Ontario. Fedha ilikutwa ndani ya samaki, nyingi kwenye ini kuliko kwenye minofu, na ilichukua miezi kupungua baada ya kuacha kuimwaga.

Nisikutishe kupita kiasi. Chembe hizi kwa kawaida hazijilimbikizi kutoka mlaji hadi mlaji kama inavyofanya zebaki ile inayotumika kuchenjua dhahabu kule Chunya. Watafiti wengine walipojaribu chembe nano za titani dioksidi, ule unga mweupe wa kwenye rangi, kutoka kwa dafnia kwenda kwa samaki, ilipita, lakini haikuongezeka. Na fedha ikikutana na salfa kwenye tope lisilo na oksijeni hugeuka salfidi ya fedha, ambayo karibu haiyeyuki na ukali wake hupungua sana. Hapo ndipo muuzaji alipookota ukweli nusu. Fedha ni elementi, mama, haiozi. Haikuisha siku ya tatu. Ilihamia kwenye tope na kwenye maini ya samaki wako.

Kwa hiyo usiuze hadi upate kipimo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya. Ulizia kupima fedha kwenye minofu na kwenye ini. Ini na matumbo msile kabisa, hata nyumbani.

Ukungu wenyewe haukuhitaji yote hayo. Hushika samaki aliyechubuliwa na wavu au aliyedhoofishwa na baridi, na perege hapendi baridi ya Rungwe. Mtoe aliyeathirika, mwogeshe kwenye maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, dakika chache huku ukimwangalia. Akilala ubavu mrudishe kwenye maji safi. Na mwezi wa sita na wa saba usiwavue ovyo kuwapima uzito.

Kuhusu kijito: vya upande huo vingi humwagikia mto Kiwira, na Kiwira humwagikia Ziwa Nyasa. Chupa yako moja haitaliua ziwa, lakini itawakuta wadudu wa kijitoni na jirani anayechota maji. Ziwa lenyewe hutoa maji polepole mno kupitia mto Shire, kwa hiyo kinachoingia hukaa, na samaki wake wadogo tunaowapenda, usipa, hula wadudu wale wale wachujaji. Sisi nasi tunamla usipa mzima, kichwa, ini na utumbo. Wakimwaga watu elfu moja, hesabu inabadilika.

Na watamwaga, kwa sababu chupa hizi sasa zinauzwa kwa kila shida: kuku, viazi, hata vidonda vya tumbo vya binadamu. Anayekunywa fedha kwa muda mrefu ngozi yake hugeuka ya kijivu-bluu, na rangi hiyo haitoki. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatamka mwaka 1999 kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Hapa kwetu dawa, iwe ya mtu au ya mfugo, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Muuzaji asiye na namba ya usajili hajui kilichomo kwenye chupa yake, au anajua na ndiyo maana hasemi. Chupa yako usiitupe. Ifunge vizuri na uipeleke Mbeya pamoja na samaki.