Mwalike nyota, lakini usimwachie saa nne ya usiku

Juzi mdogo wangu mmoja wa Morogoro kaniandikia. Wanaandaa tamasha la muziki la wanawake, mdhamini anataka jina kubwa la Bongo Fleva kwenye bango, na wenzake wamegawanyika. "Dada, tumwite au tumwache?" Amenigusa penye kidonda.

Mwaka juzi sisi hapa Tanga tulimwita nyota wa namna hiyo. Advansi yake ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti. Uwanja ulifurika, hilo silikatai. Saa tatu usiku mama zetu wapiga ngoma walikuwa nyuma ya jukwaa wakipasha ngoma kwenye moto wa makuti. Mmoja anagonga ngozi kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Nyota akachelewa, na meneja wake akashikilia kwamba akifika tu, apande yeye. Moto ukafa, ngozi zikalegea. Kina mama walipewa dakika saba saa nane usiku, mbele ya walinzi na wauza karanga.

Na binti yetu wa mixa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, tuliyemfundisha miezi sita! Fundi wa yule nyota alimwambia, "Sogea, mtoto," akasogea. Baadaye nilimkuta anakunja nyaya, uso hainui. Mpaka leo inaniuma.

Hata hivyo sikushauri umkatae nyota. Mwimbaji wa Kanada, Sarah McLachlan, alipoanzisha Lilith Fair, tamasha la wanawake lililozunguka Amerika Kaskazini, mwaka 1997, mapromota walikuwa hawapendi wanawake wawili wafuatane jukwaani. Akaita majina makubwa, viwanja vikajaa, na pembeni akaweka majukwaa madogo ya wasiojulikana. Kule Michigan, Marekani, tangu 1976 hadi 2015, wanawake walikutana porini kila mwaka kwa tamasha lao la muziki, jukwaa wakijenga wenyewe, spika na taa wakifunga wenyewe. Mimi nayataka yote mawili: jina kubwa, na kazi mikononi mwetu. Kwani Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hakuwa nyota? Bi Kidude si alijifunza kwa kumsikiliza yeye?

Kosa letu lilikuwa kulipa kwanza na kupatana baadaye. Andikeni kabla ya advansi: anapanda saa ngapi, akichelewa itakuwaje, mitambo inashikwa na nani. Mwekeni katikati ya ratiba, mfunge na wenu. Meneja akinuna, mwacheni aende. Dada zangu, tamasha tumelianzisha kwa jasho letu, tusiingie humo kama waalikwa. Andikeni, narudia, andikeni!

Mwaka huu tuliandika. Wasanii wawili walikataa, wa tatu akakubali. Alipanda saa mbili na nusu, akashuka, akakaa mkekani na watoto wake kuwasikiliza kina mama. Saa nne ngoma zilitoka motoni moja kwa moja hadi jukwaani, na watu walikuwepo. Fundi wake alipofika kwenye mixa, binti yetu alimvutia kiti cha pembeni: "Karibu kaka, kaa hapa, uniambie anapenda sauti yake iweje."

Mdogo wangu, mkataba nitakutumia kesho. Kifungu cha mitambo ni cha sita. Hicho msikipunguze hata neno.