Ukuta wa kupangia vipande vya vitenge

Dada, kwa nyumba ya kupanga hapo Mwanga usiyoruhusiwa kupiga misumari ukutani, tengeneza fremu ya kuegemeza, upange juu yake vipande vya shuka lako la viraka kabla ya kuvishona, uache kuvitandaza sakafuni. Nunua mbao 3 za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa futi 12, kila moja ikate katikati. Nne zinatoa fremu ya futi 6 kwa 6, ya tano inapita katikati, ya sita ikatie vibanzi vya kukaza kona. Bila hivyo fremu inapinda.

Juu yake vuta blanketi la flana la mtumba, jeupe au la kijivu. La maua litakudanganya macho. Anza kuligongea kwenye fremu katikati ya kila upande ukielekea kona, la sivyo linakunjamana. Shuka la kuteleza halifai, maana kinachoshika kipande ni ule unyoya wa flana. Kitenge kipya nacho huteleza kwa ile dawa yake ngumu: kifue na ukipige pasi kabla ya kukata. Fremu iegemee nyuma kidogo. Upepo wa ziwa ukiingia, funga dirisha au weka pini.

Wengi wanakosea vipimo. Vipande 12 vya inchi 4 na nusu kwenye mstari mmoja vinachukua inchi 54 ukutani, ila ukishona kwa robo inchi kila upande unabaki na kama 48, yaani futi 4 za kitanda chako. Vumbi likijaa flana itaacha kushika, ipitishie brashi.