"Tutumie kwa busara" ndiyo iliyotuunguzia pampu

Usisaini hicho kitu, mkuu. Unasema mko saba, nyumba moja, tanki moja la maji, na kwenye makubaliano mmeandika "kila mtu atumie kwa busara". Neno kwa neno ndiyo tuliyobandika sisi kwenye friji. Tulikuwa sita.

Mwezi wa pili maji yakaanza kusumbua, leo yanatoka, kesho hakuna. Nikajaza dumu moja la akiba, kwa busara tu. Nikamwona mwenzangu anaingia chumbani na mawili, nikaongeza. Mwisho nilikuwa na saba chini ya kitanda, nalala kama tajiri wa mafuta. Cheka tu, nimeshazoea.

Kilichotumaliza ni pampu ya kupandisha maji tanki la juu. Kuiwasha na kuizima ilikuwa kazi ya "yeyote aliye karibu", yaani haikuwa na mwenyewe. Siku hiyo mtu kawasha, kaondoka. Wote tuliisikia inanguruma, kila mmoja akajua mwingine anaiangalia. Kumbe tanki la chini limekauka, na pampu ile hupozwa na maji yale yale inayoyasukuma. Tulishtushwa na harufu ya waya ulioungua. Nani aliwasha? Hadi leo hajulikani.

Fundi alipoleta nyingine akaomba maji ya kuijaza kabla ya kuiwasha. Tukaanza kutoa madumu vyumbani. Yakafika 31, ya lita 20 kila moja. Lita 620 zimelala chini ya vitanda vya watu waliokuwa wakinuniana wiki nzima kwamba nyumba haina maji! Fundi akatutazama, hakusema kitu. Heri angetutukana.

Aliyetuponza ni rafiki mmoja, msomi wa kila kitu: "Sheria ni za watu wasioaminiana." Huyo huyo alikuja kututembelea akaoga dakika arobaini.

Na usitishwe na wanaomtaja Garrett Hardin, yule mwanaikolojia aliyeandika 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaharibike. Baadaye mwenyewe alikiri angepaswa kusema malisho yasiyosimamiwa. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alionyesha watu walioweza kuvisimamia vya wote bila kuviharibu. Törbel, kijiji cha milimani Uswisi, waliandika kanuni mwaka 1517: huruhusiwi kupeleka malishoni kiangazi ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha majira ya baridi. Umeona neno busara hapo? Ni ng'ombe tu, na jirani anajua kuhesabu.

Ndiyo kanuni yangu: kama mwenzako hawezi kuihesabu kwa macho, hiyo bado si sheria. Madumu mawili kwa mtu kwa siku, yakae koridoni, marufuku chumbani. Anayewasha pampu aandike jina na saa kwenye karatasi ukutani, na kalamu ifungwe kwa kamba, maana kalamu ya wote nayo ina miguu. Ukiona mtu anakasirika kuhesabiwa, muulize ana madumu mangapi chini ya kitanda.

Uliuliza pia zamu za usafi na jiko, sijui hata nisemeje, sisi tulitawanyika kabla ya kufika huko. Ila floti ya kuzima pampu tanki likikauka, fungeni kabla hamjahamisha hata godoro.