Ukimpanda Farasi Kwenda Mbali, Ubebe Mjeledi?

Kijana ninayemfundisha kupanda farasi huku Tanga aliniuliza juma lililopita swali ambalo nami nilimuuliza mwalimu wangu zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita: tukitoka nje ya uwanja, tukakata mashamba ya mkonge na kuteremka hadi ufukweni, abebe mjeledi au auache ukutani? Nilimjibu kwamba aubebe. Kisha nikamwambia kwamba katika safari yake ya kwanza hatakuwa nao, wala katika ya pili. Aliniona kama mtu anayejipinga mwenyewe, na kwa kuwa pale bandani hapakuwa na muda wa kumweleza, nimeona niyaandike kwa ajili yake na kwa wengine wachache walioanza kupanda farasi katika ukanda huu wa pwani.

Kwa mjeledi nakusudia ule mfupi wa kupandia, wenye mshiko wa ngozi au mpira na ulimi bapa wa ngozi nchani, usiozidi sentimita 75. Hicho ndicho kipimo ambacho Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi linaruhusu katika mashindano ya kuruka vizuizi na ya mbio za nyika, na kwa asiye na futi mkononi ni kama dhiraa moja, shibiri moja na vidole vinne. Mjeledi mrefu wa kufundishia uwanjani, unaofika sentimita 120, hunasa vichakani na kumgusa farasi mahali usipokusudia. Kiboko na henzerani sivizungumzii kabisa, kwa sababu sijaona hali yoyote ambayo vitu hivyo vinastahili kumkaribia farasi.

Farasi akituliwa na nzi ubavuni, ngozi yake hutikisika pale pale nzi alipotua, kwa kuwa chini ya ngozi hiyo upo msuli wenye kazi ya kuitikisa. Mnyama anayehisi miguu ya nzi hahitaji kuumizwa ndipo aelewe. Anachohitaji ni kuelezwa jambo moja kwa wakati mmoja, waziwazi, na kuachwa mara tu anapoitikia. Mpandaji humweleza kwa uzito wa mwili wake tandikoni, kwa miguu, kwa hatamu na kwa sauti. Mjeledi huja nyuma ya vyote hivyo, ama kuutilia mkazo mguu uliokwisha kusema usisikilizwe, ama kufika mahali ambapo mguu haufiki. Ndani ya uwanja haja hiyo ni ndogo. Nje kuna ngedere juu ya miembe, mifuko ya plastiki iliyonasa uani, mbwa wa vijijini, na bodaboda wanaopiga honi wakidhani wanakusalimu, na katika hali hizo nusu dakika ya kutoelewana inaweza kukuangusha.

Siku moja nilikuwa nikipita katikati ya vitalu vya mkonge nikiwa juu ya farasi dume mwekundu, mtulivu, ambaye kwa kawaida sikumwinulia hata sauti. Pikipiki ilitokea mbele yetu ikiwa na mizigo iliyotokeza pande zote mbili, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Farasi hakukimbia wala hakusimama. Alianza kuegemea kulia, kidogo kidogo, akiikwepa pikipiki na kuusogelea mkonge. Anayeujua mkonge anajua kwamba kila jani huishia kwenye mwiba mweusi mgumu kama msumari, na mkonge uliokomaa huifikisha miiba hiyo kwenye goti la mpandaji na kwenye jicho la farasi. Nilimkandamiza kwa mguu wa kulia, akasogeza kiuno tu. Bega liliendelea kulia. Niliziweka hatamu zote katika mkono wa kushoto, nikamgusa bega la kulia kwa ulimi wa mjeledi mara mbili, kwa nguvu ile ile ambayo mtu hugonga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala, naye akanyooka. Mguu husukuma ubavu na sehemu ya nyuma, lakini siku ile lililokuwa likipotea njia ni bega, na bila mjeledi nisingekuwa na namna ya kulifikia kwa wakati. Kwa ajili ya nusu dakika kama ile ndiyo maana nasema mjeledi ubebwe.

Sasa niseme lililo gumu zaidi. Mwaka wangu wa pili wa kupanda, baada ya mvua za masika, nilifika na farasi jike wa kijivu kwenye mfereji mdogo ambao tulikuwa tumeuruka mara nyingi. Maji yalikuwa yameujaza, rangi yake imebadilika, na ukingo wa upande wa pili umemomonyoka. Alisimama. Nyuma yangu walikuwapo wenzangu wawili, nami niliona haya. Nilimchapa nyuma ya mguu wangu mara moja, akarudi nyuma. Nikamchapa tena, na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, nikiwa bado nimezishika hatamu kwa mkono ule ule uliokuwa ukichapa. Hatimaye aliruka kwa kuruka juu kama paka, akatua vibaya, nami nikang'ang'ania shingo yake. Nilijiona nimeshinda.

Mwalimu wangu, saisi mzee ambaye maisha yake yote ameyamaliza na punda na farasi, hakunigombeza. Alitazama kinywa cha farasi kwanza, kisha ubavu wake, ambako alama zilikuwa zimesimama kama kamba chini ya manyoya. Kesho yake tulirudi pale mferejini kwa miguu, mimi nikimwongoza farasi. Alipofika hatua kama thelathini kutoka kwenye maji, farasi alikataa kusogea.

"Mwanangu," aliniambia, "jana ulimtaka aruke nini?"

"Mfereji, babu."

"Aliuona?"

Sikuwa na jibu. Farasi macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, lakini kile kilicho mbele kabisa ya paji la uso na chini ya pua yake hakioni. Ili akipime kitu kilicho chini ni lazima ashushe kichwa na kukigeuza kidogo. Mimi, kila nilipouinua mkono kuchapa, nilikuwa nikilivuta lijamu, kile chuma cha kinywani mwake, na kukipandisha kichwa chake juu. Nilimwadhibu kwa kutoruka kitu ambacho mkono wangu mwenyewe ulikuwa umemzuia kukiona. Tulikaa pale karibu saa nzima. Babu aliingia majini akasimama, nami nikamlegezea farasi kamba yote. Alishusha kichwa, akanusa, akapuliza pua hata maji yakatawanyika, akaweka kwato moja, akaitoa, akaiweka tena. Alivuka akitembea. Hata hivyo ilipita sehemu kubwa ya mwaka kabla hajaacha kusita mahali pale, maji yawepo yasiwepo, na kila alipositasita nilijua ni mimi ninayekumbukwa.

Kanuni za mashindano zinakataza mambo yale yale niliyoyafanya, na nilipokuja kuzisoma baadaye niliona kama zimeandikwa na mtu aliyekuwapo mferejini. Mjeledi usitumiwe kumalizia hasira za mpandaji. Usimguse farasi kichwani. Usitumiwe baada ya mpandaji kuondolewa mashindanoni, kwa sababu hapo hauna la kumfundisha mnyama. Na ukiacha alama kwenye ngozi, matumizi hayo yamepita kiasi. Sisi ambao hatuna mwamuzi wala mtazamaji huko vitaluni tunapaswa kujibana zaidi, maana hakuna atakayetusimamisha.

Kwa hiyo, kabla hujamfundisha mkono wako kuchapa, ufundishe kubeba. Ushike mjeledi karibu na kichwa cha mshiko pamoja na hatamu, ulale juu ya paja lako, ncha ikielekea nyuma na chini. Unapopanda mgongoni, ushike kwa mkono wa kushoto ili usimpitishie farasi juu ya kiuno. Ile kamba ya kutia mkononi ikate uitupe. Ukianguka, au mjeledi ukinasa kwenye tawi, ni bora uuache uende zake kuliko uvunje kifundo cha mkono. Kwa joto letu mikono hutoka jasho, kwa hiyo tafuta mshiko usioteleza. Kubadili mkono nako kunataka mazoezi: kusanya hatamu na mjeledi katika mkono mmoja, uuchomoe kwa juu taratibu kwa mkono wa pili, ukipita mbele ya kifua chako na kamwe usipite karibu na jicho la farasi.

Ikibidi kuutumia, tanguliza mguu kila mara. Mguu usiposikilizwa, weka hatamu zote katika mkono mmoja na ulegeze, ndipo uguse mara moja nyuma ya mguu wako, au begani ikiwa bega ndilo linalopotea. Akiitikia hata kwa hatua moja, acha hapo hapo, umpapase shingo. Nakazia jambo hili kwa sababu farasi hajifunzi kutokana na ule mguso. Hujifunza kutokana na kukoma kwake. Ukimchapa sekunde kadhaa baada ya kosa, ataunganisha maumivu na alichokuwa akifanya wakati huo, na huenda alikuwa ametulia akikusubiri.

Lipo jambo jingine ambalo wageni hawalifahamu, nami nalipa uzito kuliko wengi. Mkonge wetu uliletwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba haya tunayopita. Lakini enzi zile zilikuja pia na kiboko, na neno hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, bado wazee wa pwani wanalijua maana yake bila kuelezwa. Bibi mmoja aliyekuwa akianua muhogo wake kando ya njia aliwahi kuniamkua vizuri, kisha akautazama mkono wangu akauliza, "Na hiyo nayo ya nini, baba?" Nilishuka, nikampa shikamoo yake kwa heshima na kumwonyesha ulimi wa ngozi, akaupapasa kwenye kiganja chake. Tangu siku hiyo, nikikaribia nyumba za watu nautia mjeledi chini ya paja, siupungi hewani wala sielekezi kitu kwa kutumia ncha yake, na mbwa wakinijia nawasemesha kwanza.

Ukielekea kusini upande wa Mkwaja na Saadani, ambako mbung'o wapo, mimi huuacha mjeledi nikabeba usinga. Nagana, maradhi ya wanyama yanayoenezwa na mbung'o, imewaua farasi wengi katika nchi za pwani, na ni sababu mojawapo ya wanyama hawa kuwa wachache kwetu. Kumfukuzia farasi wako mbung'o shingoni na begani ni kazi yenye faida kuliko kumhimiza, japo usinga haumkingi kama dawa na uchunguzi wa daktari wa mifugo. Na usije ukavunja kijiti njiani kwa kuwa umesahau mjeledi bandani. Nimemwona mtu aliyechuma tawi la mnyaa kwenye ua, utomvu ukamrukia farasi jichoni, na safari ikageuka kuwa ya kutafuta maji safi ya kuosha jicho lililovimba.

Wako wasiostahili kuubeba kwa sasa, na sioni haya kuwaambia. Asiyeweza kwenda mwendo wa matiti, yaani ule wa farasi kukimbia kidogo kidogo, bila kujishikiza kwa hatamu asiubebe, maana mikono yake bado inahangaika na mjeledi utakuwa ukimgusa farasi bila yeye kujua, mpaka farasi azoee kuupuuza au aanze kuukimbia. Anayeelekea nyumbani kwa shoti ufukweni hana haja nao. Farasi mwenyewe ana haraka ya kufika. Mkienda wawili sambamba, kumbuka kwamba mjeledi ulio mkononi mwako unaonwa pia na farasi wa mwenzako, kwa hiyo uhamishie upande wa nje. Na farasi ambaye hujui alikotoka mpime kwanza bandani: mpapase kwa mjeledi shingoni, mgongoni, miguuni, polepole. Akilaza masikio au akikaza mwili, huenda ameshapigwa na mtu mwingine kabla yako, na mtu anayempanda farasi huyo autundike ukutani mpaka mnyama atakapopapaswa siku nyingi na kugundua kwamba hakuna kinachofuata.

Kijana wangu mikono yake bado haijatulia. Farasi tuliyemchagulia ni jike mzee anayeitikia mguu vizuri, na njia ya kwanza tutakayopita haina vitalu vyembamba. Jumamosi tutatoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, yeye mbele ili ajifunze kuamua, mimi nyuma yake. Tukifika kwenye ule mfereji nimemwomba asimame, alegeze hatamu, amwache farasi ashushe kichwa na kutazama kwa muda wote atakaoutaka. Mjeledi nitaubeba mimi.